Mshauri wa Maswali Tisa

Bi Rukaiya, jirani yangu hapa Njoro, ndiye aliyeniletea habari kwamba yule mshauri ninayemfanyia usafi kule Rau huwaliza watu makusudi, halafu machozi yao anayakinga kwenye chupa.

"Nimemwona Swaleh kwa macho yangu haya," aliniambia huku akigeuza vitumbua. Swaleh ni mtoto wa dada yake, dereva wa bodaboda. "Katoka mle ndani macho mekundu kama nyanya, na chupa mkononi. Nusu imejaa. We Mama Primus unafagia nini huko, hujawahi kuuliza zinakwenda wapi?"

"Yale ni maji ya kunywa, Bi Rukaiya."

"Ndivyo alivyokwambia."

Sikubishana naye zaidi, Primus alikuwa analia mgongoni. Lakini njia nzima nilikwenda nikicheka peke yangu. Mtu wa kukinga machozi ya mwenzake si lazima akae naye karibu? Si lazima ainame, amshike kidevu? Wenseslaus, mshauri ninayemjua mimi, mtu akianza kulia mbele yake, husogeza karatasi zisilowe.

Ana vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Cha kwanza wateja wanasubiri. Kuna benchi na maua ya plastiki ambayo kila Ijumaa nayaosha kama vyombo. Cha pili ndicho chake. Katikati ni ukuta wa plaiwudi, na juu ya plaiwudi hiyo amebandika maandishi kwamba siri ya mteja inatunzwa hapa. Nilipomwambia kuwa sauti za ndani zinasikika mpaka kwenye benchi, aliniambia niwe nafagia polepole.

Baba yake alikuwa karani wa reli Dodoma, na huko ndiko alikokulia. Ni Mchagga wa Desemba. Kwao Kibosho alikuwa anafika na wazazi wakati wa Krismasi, anakula nyama, anapigwa picha kwenye migomba, tarehe tatu Januari wanaondoka. Akawa mwalimu wa uraia sekondari, wanafunzi wakamshinda. Akasomea ushauri mwaka mmoja, akapewa cheti, akakiwekea fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake. Mkewe amebaki Dodoma. Mama yake, aliyehamia Kibosho uzeeni, akipiga simu, humwambia, "Niko na mteja, mama," hata siku ambayo ofisi nzima tupo mimi, yeye na nzi.

Kazi yake anaifanya hivi. Kila anayeingia hupimwa kwa karatasi moja yenye maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Ni siku ngapi umekosa usingizi? Mtu anajibu, yeye anaweka tiki, mwisho anajumlisha na kumsomea mwenzake alama. "Una kumi na saba." Mimi niliishia darasa la saba, naujua uso wa mtu anayesomewa alama. Hajui kama kumi na saba ni nzuri au mbaya, anachojua ni kwamba amefeli.

Baada ya alama ni kupumua. Vuta kwa hesabu ya nne, shikilia, toa kwa hesabu ya sita. Baada ya kupumua ni daftari: upande huu andika wazo linalokusumbua, upande ule andika ushahidi kwamba si la kweli. Mara ngapi nimewasikia kina mama wakimwambia hawajui kuandika, naye anawajibu waandikiwe na watoto wao! Mama mzima amwambie mtoto wake wa darasa la nne, haya andika, mama yako anaona maisha hayana maana. Halafu inakuja kazi ya nyumbani, ambayo anaipenda kuliko yote. Anasema mtu mwenye sonona hujifungia, na akijifungia sonona inakua, kwa hiyo lazima atoke, afanye jambo moja dogo kila siku na kulitia tiki. Sonona ni neno lake. Sisi tunasema mtu ana mawazo.

Nisimsingizie. Swaleh alipona kwake. Aliangushwa na lori pale njia panda, na tangu hapo kila akisikia honi moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Wenseslaus akamfundisha kupumua, akampa kazi ya kukalia pikipiki iliyozimwa dakika tano, kesho yake kumi, siku nyingine aiwashe bila kuondoka. Mwezi ulipokwisha Swaleh akarudi barabarani, na siku aliyotoka na ile chupa alikuwa analia kwa furaha. Kwa hiyo nilimwamini. Na hapo ndipo ninapoanza kujidharau mimi mwenyewe kabla ya kumdharau yeye, maana nilimchukua Bernadetha kwa mkono wangu nikampeleka.

Bernadetha ni binti wa mama yangu mkubwa. Ameolewa Uru na Shedrack, ambaye yuko machimboni na hurudi anapoweza. Mwezi wa tatu mwaka huu alijifungua msichana, akamwita Gladys. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, tunasema yuko uzazi. Hashiki jembe, hachoti maji. Analetewa mtori, supu nzito ya ndizi na mifupa, analetewa kitawa, yaani ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, na wageni wakija wanamkuta amefunikwa, amenawiri, anatunzwa. Mimi kwa Primus nilitunzwa hivyo mpaka mashavu yakakaribia kuziba macho.

Gladys alikufa usingizini akiwa na siku ishirini na mbili. Baada ya maziko, Mama Shedrack, yaani mama mkwe, akaacha kuleta mtori.

"Uzazi wa nani sasa?" alisema. "Mtoto hayupo."

Matiti ya Bernadetha yalikuwa bado yanatoa maziwa. Hakubishana. Alibaki ndani, mlango umefungwa, akila siku anayokumbuka kula. Moyo ulikuwa unampiga mpaka, anavyosema yeye, kitanda kinatikisika. Siku niliyokwenda kumwona aliniambia anatamani alale asiamke. Alisema kama mtu anayesema anatamani ndizi mbivu. Niliogopa sana.

Siku ya kumpeleka Rau nilimwacha Primus kwa Bi Rukaiya, ili Bernadetha asione mtoto wa mwenzake. Kufika mlangoni akagoma kuingia bila mimi. Nikaweka ndoo chini, nikaingia naye.

"Karibu, dada Bernadetha," alisema Wenseslaus, kalamu iko tayari. "Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?"

Bernadetha aliniangalia mimi. "Mambo gani?"

"Yoyote. Kazi. Mazungumzo."

"Niko uzazi."

Wenseslaus alitazama karatasi yake, uzazi haumo. "Tuseme karibu kila siku," akaweka tiki.

"Mtoto wangu alikuwa anaitwa Gladys," Bernadetha alisema, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Pole sana. Tutafika huko. Swali la pili, usingizi."

Hawakufika huko. Walipita kwenye hamu ya kula, kwenye uchovu, kwenye kujilaumu, mpaka swali la tisa, linalouliza kama umewahi kufikiri ni afadhali ufe. Bernadetha akasema ndiyo. Wenseslaus akaacha kuandika. Nikasema moyoni, haya, sasa atauliza jambo la maana. Akaweka tiki. Akajumlisha.

"Ishirini na nne," alisema.

Chini ya ile fomu, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba anayejibu ndiyo kwenye swali la tisa asiachwe aende hivi hivi, apelekwe hospitali. Nimeisoma mara nyingi nikipangusa meza. Mwenye fomu nadhani hajawahi kufika huko chini, maana jumla huandikwa juu kidogo.

"Tatizo lako kubwa ni kujifungia," alimwambia. "Kila asubuhi utatoka nje na jembe, utapalilia mistari miwili ya maharage. Miwili tu. Kisha unaweka tiki hapa."

"Nimesema niko uzazi," Bernadetha akarudia, sauti imekwisha.

"Ndiyo maana mwili unahitaji mazoezi."

Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, kitambaa cha kudekia kiko mapajani, mdomo nimeufunga. Nilidhani aliyesoma anajua.

Bernadetha ni mtiifu, na hilo ndilo lililomponza. Jumatatu akatoka na jembe. Wanawake waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, ule mfereji unaopitisha maji mashambani, wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu mmoja akasema, "Ee Bernadetha, umeshatoka?" Na mwenzake akamjibu kwa niaba yake, tena si kwa kunong'ona, "Atakaa ndani akimlinda nani?"

Mzazi kutoka na jembe wiki ya sita ni kukitangazia kijiji kizima kwamba hukuzaa. Mama mkwe alikuwa amemnyima mtori. Huyu bwana wa tai akamnyang'anya na uzazi wenyewe. Alipalilia mistari miwili, akaweka tiki. Jumanne akapalilia, akaweka tiki. Jumatano hakuamka. Alhamisi Loveness, wifi yake, akanipigia simu nikiwa kazini, akasema tangu jana yake hajanywa hata maji na ameugeukia ukuta.

Nilikwenda mezani kwa Wenseslaus na ufagio wangu mkononi.

"Umemtoa mzazi nje."

"Nani?"

"Bernadetha. Alikwambia mara mbili kwamba yuko uzazi. Miezi mitatu haijaisha."

"Lakini mtoto si ali…"

"Mtoto alizaliwa, au hakuzaliwa?"

"Alizaliwa."

"Aliyemzaa ni nani?"

Akavua miwani. "Mama Primus, kujitenga ni dalili. Imeandikwa." Akafungua kitabu, akaanza kutafuta. Nikavua gauni la kazi, nikalikunja, nikafunga khanga yangu, bado anapekua. "Humu hakuna uzazi," alisema mwishowe, kama vile nimempotezea muda.

"Kitabu hicho kiliandikiwa Uru?"

"Hapana."

"Basi kifunge. Kwani wewe kwenu si Kibosho? Mama yako hakukwambia mzazi anakaaje?"

Aisee, hapo akawa mdogo. "Sisi tulikuwa tunaenda Krismasi," alisema.

Mchana uleule nilipanda Uru. Mimi na Loveness tulimpeleka zahanati, akawekewa dripu, na muuguzi akasema asiachwe peke yake na arudishwe kila wiki aonwe. Ndivyo tulivyofanya. Loveness akahamishia godoro lake chumbani kwa Bernadetha. Mimi Jumamosi nikarudi na mifupa na ndizi, nikapika mtori kwenye jiko la Loveness, nikaubeba na sufuria yake mpaka mlangoni kwa Bernadetha. Mama Shedrack alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mtori wa mzazi."

"Mzazi yuko wapi?"

"Humo ndani."

"Mbona sisikii mtoto?"

Nilitamani kumwagia mtori wote miguuni, ila ningempikia nini Bernadetha? Nikamwuliza, "Mama, wewe ulizaa wangapi?"

"Saba."

"Walio hai?"

"Watano."

"Kwa wale wawili, nani alikuletea mtori?"

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Alivuta miguu pembeni, nikapita. Wala sikumwonea huruma siku ile. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Nilifunga mlango. Nikamfunika Bernadetha vizuri, nikamwambia, "Uko uzazi. Zimebaki wiki sita. Hakuna atakayekutoa." Siku ile hakula. Jumamosi iliyofuata alikula vijiko vitatu. Sikumwuliza kitu. Nilikaa nikimenya ndizi, na siku akitaka kusema nilimsikiliza: Gladys alikuwa anapiga chafya akianza kunyonya, kila mara, kama mtu aliyevuta ugoro. Gladys alikuwa na baka la kuzaliwa nyuma ya sikio. Mwezi mzima hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Gladys alikuwaje.

Jumamosi ya tatu aliniuliza, "Primus yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani."

"Kwa nini?"

Niliendelea kumenya ndizi.

"Mlete," alisema.

Nikamleta. Hakumbeba. Alimshika mguu tu, akaupima na kiganja chake, akalia sana, akalia mpaka Primus naye akaanza. Hapakuwa na karatasi ya kusogeza. Tulilia wote watatu, kisha Bernadetha akavuta bakuli akalimaliza, akauliza kama sufuriani kumebaki.

Nisiseme amepona. Muuguzi bado anamwona, na kuna siku Loveness ananiambia leo hakufumbua mdomo. Lakini anaoga bila kuambiwa. Na wiki mbili zilizopita nilikuta kibuyu cha maziwa ya mgando mlangoni kwake, na kila niliyemwuliza pale nyumbani alisema hajui kimetoka wapi. Mama Shedrack alisema hajui kwa sauti kubwa kuliko wote.

Huko Rau kazi inaendelea kama kawaida. Watu wanaingia, wanasomewa alama, wanahesabu pumzi, wanatoka. Wenseslaus hakunitajia Bernadetha hata mara moja. Nikiingia kufagia anapiga simu. Faili la Bernadetha lilikaa mezani wiki nne, nikilinyanyua kupangusa na kulirudisha palepale, na siku nilipochungulia nilikuta ameandika neno moja, "hakurudi". Nikasema moyoni, afadhali ya nzi, wao hawajawahi kujiita washauri.

Jumapili hii miezi mitatu ya Bernadetha inatimia. Atatoka kama mzazi anavyotoka, amepakwa mafuta, amevaa gauni tulilomshonea, tukiwa naye mbele na nyuma mpaka kanisani, na wale wakata majani wakitaka watazame.

Jana Ijumaa nilikuwa nje naosha yale maua ya plastiki kwenye beseni, nikahisi mtu nyuma yangu. Ni yeye. Tai imelegea, mikono ameificha mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama Primus, Jumapili unapanda Uru?"

"Napanda leo leo. Kuna kupika."

Akatoa mkono. Ameshika isale, lile jani letu la kuombea msamaha, ambalo ukiletewa huwezi kulikataa. Nililijua lilikotoka, ni kwenye ua wa duka la dawa za mifugo, na bila shaka hakuomba. Alikuwa amelipiga fundo, tena vibaya, jani limepasuka katikati.

"La nani hilo?"

"La Bernadetha."

"Isale linapelekwa na aliyekosa. Njia ya Uru unaijua."

"Naijua. Lakini nikifika nitasema nini?"

"Huna haja ya kusema kitu. Ndiyo maana ukashika jani."

Nilikuwa tayari kuyageukia maua yangu na kumwacha amesimama, lakini nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu. Alivuta kwa nne, akashikilia, akatoa kwa sita, na jani mkononi likitetemeka namna ile ile mikono ya Swaleh ilivyokuwa ikitetemeka siku za mwanzo. Akavuta tena.

Kisha akaniwekea isale kwenye viganja vyangu vilivyolowa. Ndani ya fundo alikuwa ameingiza karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuhitaji kuikunjua, ile fomu ya maswali tisa naijua hata ikikunjwa.

"Naomba umpelekee wewe, Mama Primus," alisema. "Na akishalipokea, kama hataona vibaya, naomba umwombe anijibu swali la tisa tu. Hayo mengine ayaache."